Rodi gani kwa anayeanza kuchomelea, na mkono nautulizaje?

Kihonda_Chuma

Wakuu habari za kazi, na wakubwa shikamooni.

Niko Morogoro, Kihonda. Kuchomelea nimejifunza kwa kukaa karibu na fundi mmoja wa mageti hapa mtaani, namshikia vyuma, nagonga ganda linalobaki juu ya mshono, napiga brashi. Sasa nimepata inveta yangu ndogo, yaani mashine ya kuchomelea, ubavuni imeandikwa ampia 200. Kazi ninazotaka kuanza nazo ni stuli, meza za mama lishe, baadaye grili za madirisha. Skwea paipu ninayotumia ni ya inchi moja, unene milimita 1.5, na nina vipande vya flati bari nilivyonunua kwenye chakavu.

Dukani nilimwambia muuzaji kwamba naanza, anipe rodi nzuri. Akanipa pakiti ya 7018 geji 10, akasema hizo ndizo zinazoshika kuliko zote. Fundi wangu yeye anatumia 6013 geji 12 kwa kila kazi, sijawahi kumwona na nyingine. Jirani kanipa 6011 chache zilizobaki kwenye kazi ya mabomba. Kwa hiyo bandani nina rodi za aina tatu na kila moja inanisumbua kwa namna yake. 7018 inanata pale pale ninapoigusisha, nikipandisha moto inawaka lakini muda si mrefu paipu imetoboka. 6011 inarusha cheche na kuzimikazimika. 6013 ndiyo inanikubali kidogo, ila mshono unatoka mnene huku, mwembamba kule, na nikigonga ganda nakuta vishimo ndani yake.

La pili ni mkono. Nikianza, niko kwenye mstari vizuri. Rodi ikifika nusu, moto unarefuka, mlio unabadilika, natoka nje ya mstari. Nikisimama ndiyo natetemeka zaidi. Fundi wangu akiulizwa anasema utazoea tu. Naamini nitazoea, ila nataka kujua ninazoea nini, nisije nikazoea vibaya.

Kitu kingine: mchana 6013 inawaka vizuri, lakini kuanzia saa moja usiku inanata na sijagusa kitufe. Umeme nauvuta kwa ekstensheni kutoka ndani ya nyumba hadi bandani, kama mita 30.

Naombeni mwongozo. Ninunue rodi gani, niweke moto kiasi gani, na mkono nifanye nao mazoezi gani?

Fundi_Tabata

Marahaba mdogo wangu. Hilo neno lako la kutaka kujua unazoea nini ndilo limenifanya nikae niandike. Vijana wengi wanafika karakana kwangu hapa Tabata wakiwa na mikono mizuri iliyozoeshwa vibaya, na kuurudisha mkono wa namna hiyo ni kazi kuliko kumfundisha asiyejua kitu.

Kwanza hiyo pakiti ya 7018 ifunge kwenye nailoni uiweke. Na 6011 pia. Usizitupe, siku yake ipo. Nunua 6013 ya milimita 2.5, ndiyo hiyo dukani wanaita geji 12, na ukiweza chukua pakiti nzima badala ya kupimiwa mojamoja. Za kupimiwa muuzaji anachota kwenye maboksi tofauti, nyingine zimekaa wazi kaunta tangu masika. Mwezi mzima choma hiyo hiyo, usibadilishe. Kila aina ya rodi ina urefu wake wa moto, ina kasi yake, ina mlio wake. Ukiwa na tatu kwa mpigo, mshono ukiharibika huwezi kujua umeharibiwa na mkono, na rodi, au na mashine. Ukibaki na moja, kinachobadilika ni mkono wako tu na kosa linajionyesha.

Muuzaji hakusema uongo kwamba 7018 ina nguvu zaidi. Hizo namba ni mpango wa chama cha wachomeleaji cha Marekani, AWS. Mbili za mwanzo zinataja nguvu ya mshono: 60 ni pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, 70 ni pauni 70,000. Ya tatu ikiwa 1, rodi inachoma mikao yote, mezani, ukutani, hata juu ya kichwa. Ikiwa 2, kama 7024, hiyo ni ya kazi iliyolala. Ya mwisho ukiisoma pamoja na ya tatu unajua aina ya unga uliopakwa na umeme unaokubaliana nao. Lakini stuli ya mama lishe haina haja ya pauni 70,000. Mshono wa 6013 ukizama sawasawa, paipu ya 1.5 itapinda au kuchanika pembeni kabla mshono haujaachia. Kazi zetu za mtaani zinavunjika kwa sababu mshono umekaa juu haujaingia ndani, si kwa sababu namba ya rodi ni ndogo.

Kuhusu kunata na kutoboa. Geji 10 ni milimita 3.2. Ili 7018 ya unene huo iwake kwa utulivu inataka ampia 100 na kuendelea, na paipu ya 1.5 haiwezi kubeba moto huo. Ukishusha inanata, ukipandisha inatoboa, katikati hakuna pa kusimama. Hapo hata mimi ningetoboa. Kwa 6013 ya 2.5 anzia ampia 70 kwenye flati bari ya milimita 5 au 6, panda taratibu hadi 85 au 90 uone tofauti. Ukihamia kwenye paipu yako shuka 50 mpaka 60 na uchome kwa kudonoa: unawasha, unatulia kidogo, unaachia wekundu upungue, unawasha tena juu ya ukingo wa doa la kwanza. Ukipata 6013 ya milimita 2 kwa kazi za paipu nyembamba, bora zaidi. Kipimo cha haraka ambacho kitakusaidia na rodi yoyote ni ampia 30 hadi 40 kwa kila milimita ya unene wa waya wake, halafu chuma chenyewe ndicho kitakachoamua. Na namba za kwenye kitufe zichukue kwa tahadhari, inveta nyingi ndogo zilizoandikwa 200 hazifiki huko. Chukua maka uchore alama zako mwenyewe pale mlio unapokaa sawa.

Inveta inatoa umeme wa upande mmoja, kwa hiyo ina chanya na hasi. 6013 inakubali kote. Kwenye chuma kinene weka holda, kile kishikio cha rodi, kwenye chanya, moto unazama zaidi. Kwenye paipu nyembamba hamishia holda kwenye hasi na ethi, kile kibanio kinachoshika chuma, kwenye chanya, utaona kutoboa kunapungua. Mafundi wengi hawagusi hizo pini mwaka mzima, na wana mashine nzuri kuliko yako.

Sasa mkono, na hapa soma polepole. Ugonjwa wako umeutaja mwenyewe: rodi ikifika nusu, moto unarefuka. Rodi inaungua na kupungua, kwa hiyo mkono una safari mbili kwa wakati mmoja, unasogea kufuata mstari na unashuka kufuata rodi. Anayeanza anasogea tu, hashuki. Moto ukirefuka unatawanyika, mshono unakuwa mpana na hauzami, hewa inaingia ndani, na yeye anaona kama ametetemeka.

Zitenganishe hizo safari mbili. Chukua flati bari nene, washa rodi, ukae mahali pamoja, usiende popote. Kazi yako ni kushuka tu kadiri rodi inavyopungua, na kusikiliza. Moto wenye urefu sawa na unene wa waya wa rodi, yaani milimita mbili na nusu hivi, una mlio wa mafuta yanayokaanga vitumbua, hauna kelele wala haukatiki. Ukiwa mrefu unapuliza na cheche zinaruka mbali. Ukiwa mfupi kupita kiasi unakoroma, halafu unanata. Ukitoboa hiyo flati bari si neno, chukua nyingine. Sikio lako litaushika mlio kabla jicho halijajifunza kuona. Baada ya hapo ndipo uongeze safari ya kwenda: chora mstari wa chaki na uufuate bila kuzungusha rodi. Najua kijana anataka yale mawimbi mazuri ya juu. Yaache kwanza. Mshono mnyoofu, upana mara mbili au tatu ya waya wa rodi, huo unatosha kwa grili zote za Morogoro.

Uelekeo nao una sababu. Unaburuta, husukumi. Upande wa holda uegemee kule unakokwenda, ncha ielekee nyuma kwenye chuma kilichoyeyuka, kiasi cha digrii 10 hadi 15 tu. Ukigeuza, au ukienda polepole mno, ganda likiwa bado maji linatangulia mbele ya moto na wewe unachomelea juu yake. Vile vishimo unavyokuta ukigonga, mara nyingi ni ganda lililofungiwa ndani. Jifunze kutazama nyuma kidogo ya moto: ganda la maji linachezacheza na kung'aa, chuma kiko chini yake kimetulia. Siku utakapoviona kuwa ni vitu viwili, utajua ni wakati gani uongeze kasi.

La usiku ni umeme. Jioni watu wakirudi nyumbani, wakawasha pasi na majiko, volti za mtaani zinashuka, na wewe unaongeza mita 30 za waya. Tazama ubavuni mwa huo waya. Ukiwa wa milimita 1.5, hapo ndipo moto wako unapopotelea. Kwa umbali huo na mashine hiyo weka wa 2.5, na kama mfuko unaruhusu weka wa 4. Ukichomelea ukunjue wote chini, usiuache kwenye gurudumu, unapata moto mpaka plastiki inayeyuka. Na hakikisha ethi imebana kwenye chuma kitupu, si kwenye rangi wala kutu. Watu wanauza mashine kwa hasara kumbe ethi imebana rangi.

Mchomeleaji_Kilindini

Salaam aleikum nyote. Mie niko Mombasa, kazi yangu ni kutengeneza vyombo vya baharini, mabamba mazito, si paipu. Fundi wa Tabata kasema kweli tupu, ila nina mawili ya kuongeza na moja la kupingana naye kidogo.

Ndugu yangu wa Kihonda hakuuliza unyevu, lakini ahadhari nao. Huku pwani rodi iliyoachwa wazi usiku kucha asubuhi haiwi ile. Dalili zake: kichwa cha waya kina kutu, unga unameguka ukikunja rodi kidogo, wakati mwingine unga unafanya ukungu mweupe. Ukiichoma inapasukapasuka, mshono unatoka na vitundu vidogovidogo juu kwa juu. Usidhani ni mkono wako. 6013 iliyopata unyevu si hasara, itie kwenye oveni digrii 100 hadi 150 kwa saa moja, itarudi. Asiye na oveni huianika juani, inasaidia kidogo. Sisi tuna friji bovu, tumetia balbu ya zamani ya uzi ndani yake, rodi zinakaa kavu humo muda wote. Nyumbani hata kipande cha bomba la plastiki chenye vifuniko pande mbili kinatosha.

7018 ni habari nyingine kabisa. Rodi hiyo imetengenezwa iwe na haidrojeni kidogo mno, na haidrojeni inatoka kwenye maji. Ikinyonya unyevu, mshono waweza kutoka mzuri wa kutazamwa, halafu ukapasuka chini kwa chini baada ya saa nyingi, hata kesho yake, khasa chuma kikiwa kinene na kigumu. Jua halitoshi kuikausha. Inataka oveni ya digrii 260 na zaidi, halafu inatunzwa kwenye oveni ya digrii 120 na kuendelea mpaka saa ya kuitumia. Kwenye kazi zenye ukaguzi, ikikaa nje zaidi ya saa 4 hairuhusiwi tena mpaka ikaushwe. Kwa hiyo mtu akikuuzia 7018 mojamoja kutoka kwenye kopo lililo wazi, hajakuuzia 7018. Amekuuzia jina.

Na hizo 6011 usije ukazitia kwenye oveni kwa kuona nasifu oveni. Unga wake umetokana na nyuzi za mimea, unataka unyevunyevu wake kidogo ndio uwake sawa. Kwako zinazimika kwa sababu inveta ndogo nyingi hazina volti za kuushika moto wa namna hiyo. Kosa si lako.

Ninapopingana na mkubwa wangu wa Tabata ni kwenye huo mwezi mzima wa 6013 peke yake. 6013 inaficha. Ganda lake linafunika kila kitu, kijana hajui kama amezamisha au amepaka juu. Mie namtia mwanafunzi kwenye bamba la milimita 10 na 7018 kavu mapema, holda kwenye chanya, moto mfupi mno karibu ya kugusa, na chuma kinaonekana wazi kinavyojaa. Mkono unapata adabu.

dada_wa_karakana

Habari zenu. Mimi nilisomea chuo cha ufundi, VETA, sasa nina karakana Mwanza, tunatengeneza vitanda, meza za shule na majiko. Mdogo wangu wa Morogoro, kaka zetu wamekupa rodi na moto. Mimi nitazungumzia mwili, maana naona vijana wanaambiwa mkono utulie bila kuambiwa utulie juu ya nini.

Mkono uliokunjuliwa hewani utatetemeka, wa fundi wa miaka mingi pia. Kaa. Weka kazi kwenye meza au kwenye ngoma ya mafuta iliyooshwa na kukatwa mdomo, urefu wa kiwiko chako. Kamwe usichomelee ngoma iliyofungwa, hata ukiambiwa ilikuwa na maji. Kiwiko cha kulia kibane ubavuni, mkono wa kushoto ushike kifundo cha mkono wa kulia, na kiwiko cha kushoto kiegemee meza au goti. Ukilazimika kusimama, egemeza nyonga kwenye meza au bega ukutani. Tafuta kitu cha kuegemea kabla hujawasha, kila mara, kila mshono.

Kebo ndiyo mchawi ambaye hatajwi. Ile kebo nene ikining'inia kutoka kwenye holda hadi chini, unabeba uzito wake kwa kifundo cha mkono. Ipitishe juu ya goti au juu ya meza ili kwenye holda ibaki nyepesi, ila usijizungushie mwilini. Na holda usiikabe. Ukiona vidole vimekuwa vyeupe ndani ya glavu umekaba, na mkono unaokaba unatetemeka. Glavu kubwa za ngozi ngumu nazo zinachangia, tafuta zinazokukaa, na ziwe kavu.

Kabla ya kuwasha, safiri mstari mzima mashine ikiwa imezimwa. Weka rodi kwenye holda, pita kutoka mwanzo hadi mwisho ukishusha mkono kama vile rodi inapungua. Kama katikati ya safari kiwiko kimegonga meza au umelazimika kujikunja, badilisha mkao sasa hivi, usingoje moto uwake. Mwalimu wetu alikuwa hampi mtu umeme kabla hajamwona amepita hivyo kwa utulivu. Usiku ukiwa huna kazi, bana kalamu ya risasi kwenye holda na uchore mistari kwenye boksi la katoni. Na mwanzoni kata rodi nusu. Rodi ya sentimita 35 ncha yake inacheza sana kwa mtu mgeni, ukiikata uko karibu na kazi na mtikisiko unapungua nusu yake. Unapoteza kichwa kimoja cha ziada, kile kipande cha mwisho kisichochomwa, kwa kila rodi, lakini unachopata ni kikubwa.

Halafu macho. Huwezi kuongoza usichokiona. Ukichomelea kwa 2.5, kioo cheusi cha kofia namba 10 kinafaa, na kioo cha mbele cha kukinga cheche kikiwa na vidoa kibadilishe, ni cha bei ndogo. Kijana akiniambia haoni mstari, kwanza namvua kofia naangalia kioo. Mara nyingi kimeshakuwa na ukungu wa cheche mpaka hata mimi nisingeona kitu. Ninakusihi sana, usichomelee kwa miwani ya jua. Inapunguza mwanga kiasi cha kukudanganya kwamba uko salama, wakati mionzi inayounguza jicho inaingia pembeni na kupita kiooni. Usiku utahisi mchanga machoni, na ikijirudia miaka mingi jicho linaharibika. Kama yamekuuma, nenda zahanati, usiruhusu mtu akuwekee vitu vya jikoni machoni.

Kihonda_Chuma

Nimesoma zaidi ya mara moja, asanteni sana. Waya wangu nimeutazama, umeandikwa 1.5 kweli. Nimejaribu kukaa na kuegemeza kiwiko kama alivyosema dada, mstari umebadilika siku hiyo hiyo. Zoezi la kushuka bila kusogea nimeanza, ule mlio nimeupata, nikiupoteza najua nimeupoteza.

Nimebaki na mawili. Fundi wangu paipu zikiwa hazijakutana vizuri kwenye kona, anagonga unga kwenye rodi, anachukua ule waya wa ndani anaupachika kwenye mwanya, kisha anachomelea juu yake na kusawazisha kwa grainda. Inatoka nzuri. Ni sawa? Na paipu nyeupe za mabati, watu wanasema ukinywa maziwa kwanza huna shida.

Fundi_Tabata

Si sawa, mdogo wangu, na ninakuambia nikijua ndiyo desturi ya mitaa mingi. Ule waya unashikwa juu tu, chini yake kuna tundu. Ukipitisha grainda umeondoa hata kile kidogo kilichoshika, ukipaka puti na rangi mteja anaona kona safi. Geti la mita 3 linaning'inia kwenye kona hizo, watoto wanalipanda. Mwanya dawa yake iko kwenye kukata. Pima, kata digrii 45 kwa uhakika, piga jiwe la grainda mpaka paipu zigusane, shikiza kwa madoa pande zote nne, weka skwea uhakiki, ndipo ufunge mshono. Ukikata vizuri, hata mkono wako wa sasa utatoa kona nzuri. Mwanya mdogo ambao haukuepukika, donoa upande huu, subiri, donoa upande wa pili, mpaka madoa yakutane.

Maziwa hayazuii chochote. Ule moshi mweupe ni zinki, unaingia mapafuni wakati maziwa yako tumboni, na usiku unapata homa na kutetemeka mwili mzima. Saga mabati kwa grainda mpaka chuma kitokeze, sentimita kadhaa kila upande, ukiwa na barakoa. Halafu fanyia kazi mahali pa wazi, upepo ukitokea ubavuni kwako. Upepo wa nyuma unakurudishia moshi usoni, kwa sababu mwili wako unaukinga.

Kwa ndugu yangu wa Kilindini: kwenye bamba la milimita 10 sina ubishi na wewe, na kwamba 6013 inaficha ni kweli. Ila huyu kijana hana oveni, hana bamba, na kazi inayomlisha ni paipu ya 1.5. Dawa ya kuficha ninayompa mimi ni nyundo. Kihonda, chukua flati bari mbili, simamisha moja juu ya nyingine ziwe herufi T iliyogeuzwa, rodi iwe digrii 45 katikati yao, choma upande mmoja tu. Ikipoa, ibane kwenye jiliwa na uipige nyundo kuelekea upande wenye mshono mpaka ivunjike au ilale. Ikivunjika, tazama ndani: ukiona mstari mweusi wa ganda kwenye kona, ulikwenda polepole au moto ulikuwa mdogo. Ukiona ukingo wa flati bari uko mzima, una pembe kama ulivyotoka kiwandani, hukuzamisha. Ikijikunja ikalala bila kuachia, mshono umeshika; ongeza urefu wa mshono na urudie. Fanya hivyo kabla hujachukua pesa ya mtu kwa kitu cha kukaliwa.

7018 zako utazifungua siku ukipata kazi ya kubeba mzigo, kama mnara wa tenki la maji au trela. Siku hiyo nunua pakiti mpya iliyofungwa, hiyo uliyofungua iwe ya mazoezi.

Mchomeleaji_Kilindini

Hapo nimekubali, nyundo haina upendeleo. Kijana, ukivunja hiyo T piga picha tuione, ya ndani ya mvunjiko, ya juu tumeshaona nyingi. Na uandike ulichoma kwa ampia ngapi na holda ilikuwa kwenye pini gani.

Kihonda_Chuma

Sawa wakuu. Jumamosi naenda kununua waya wa 2.5 na pakiti ya 6013, flati bari ninazo. Nitaweka picha za kwenye 70 na za kwenye 85, zote zikiwa zimevunjwa.